Upekuzi huanzia kituoni, si mlangoni

Polisi wanapokuja kupekua nyumba, wengi wetu hutazama yale yanayoonekana: gari lililojaa askari, mlango uliovunjwa, godoro lililochanwa. Wiki hii tutazame kazi isiyoonekana, ile inayofanyika kituoni kabla gari halijawashwa. Hapo ndipo upekuzi hufaulu au huharibika.

Chukua mfano wa Chicago, Marekani. Februari 2019 mtoa habari aliwaambia polisi wa jiji hilo kwamba katika nyumba fulani yumo mtu mwenye bastola. Hati ya upekuzi ikatolewa, askari wakavunja mlango. Ndani walimkuta mama mmoja akibadili nguo baada ya kutoka kazini. Walimtia pingu akiwa uchi, naye akirudia tena na tena kuwa wamekosea nyumba. Kweli walikosea, waliyemtafuta alikaa kwa jirani. Desemba 2021 jiji liliridhia kumlipa mama huyo dola milioni 2.9. Hati ilikuwapo na sahihi ilikuwapo. Kilichokosekana ni kuihakikisha habari kabla ya kuondoka.

Ndiyo maana mpango mzuri huanza na maswali. Kwanza, habari imetoka kwa nani, ni ya lini, na je, mtoa habari ana ugomvi na mwenye nyumba? Pili, nyumba ni ipi hasa, ina milango mingapi, na wamo watoto, wazee au wagonjwa? Tatu, kinatafutwa nini? Anayetafuta televisheni ya wizi hana sababu ya kufunua kopo la sukari.

Baada ya hapo kiongozi wa msafara huwakusanya askari na kuwapa maelekezo: nani atabisha hodi, nani atalinda mlango wa nyuma, nani ataandika na kutunza vidhibiti. Askari asiyeambiwa anachotafuta hutafuta kila kitu. Asiyeambiwa nani yumo ndani humwona kila mtu jambazi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka upekuzi wa nyumba uwe na idhini ya maandishi, isipokuwa kwa dharura. Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Mwanamke hupekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake, kwa staha. Basi askari wa kike apangwe mapema. Kitu kikichukuliwa hutolewa stakabadhi yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi waliokuwapo.

Haya si makaratasi matupu. Mahakama ya Rufani imewahi kukataa vidhibiti kwa sababu taratibu za upekuzi zilikiukwa. Dakika kumi zilizookolewa kituoni zaweza kumwachia huru mwuza dawa za kulevya.

Nawe mwananchi, ukipigiwa hodi usigombane. Omba kuiona hati, usome jina na mahali palipoandikwa. Omba mjumbe wa shina au jirani ashuhudie. Usitie sahihi orodha usiyoisoma. Askari aliyejiandaa hatakasirishwa na maombi hayo, kwani majibu yake ameondoka nayo kituoni.