Taka za Mkwiro na Nauli ya Mashua

Mkwiro, kijiji kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, Kenya, hakina gari wala barabara ya gari. Kila kiingiacho humo, kiwe ni unga, sukari au maji ya chupa, sharti kivushwe kwa mashua, na kisichovushwa kurudi bara hubakia juu ya jiwe la matumbawe ambalo kulichimba jaa ni taabu kubwa. Kwa hiyo habari ya vituo vya kuchambulia taka, ambayo kwa mtu wa mjini ni shughuli ya serikali, kwa watu wa visiwani ni suala la nauli.

Kituo cha namna hii si jaa. Ni banda ambamo taka kavu hupokewa, huchambuliwa jinsi kwa jinsi, hupimwa kwa mizani, hushindiliwa marobota, kisha huuzwa viwandani. Chukua chupa moja tu ya maji: mwili wake ni plastiki iandikwayo nambari 1 ndani ya alama ya pembetatu, na kizibo chake ni cha namna nyingine, aghalabu nambari 2 au 5; ukivikatakata na kuvitia ndani ya pipa la maji, vipande vya chupa huzama na vya kizibo huelea. Ajuaye kuchambua mchele kwenye sinia, akitoa chuya na vijiwe kabla haujatiwa maji, amekwisha kuifahamu kazi hii, na anafahamu pia kwamba wakati wake ni mapema, maana karatasi iliyokwisha kurowa mchuzi wa samaki haina mnunuzi.

Sheria nayo imekwisha kunena. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika hifadhi, ikiwemo ile ya bahari ya Kisite-Mpunguti, jirani ya Wasini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka ziozazo zitengwe na zisizooza tangu zitokapo, na imezipa kaunti wajibu wa kuweka mahali pa kuzipokea na kuzichambua. Asafirishaye taka na mwenye kituo, wote wawili huhitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Lakini chupa tupu imejaa hewa, na mashua iliyosheheni hewa haiwezi kulipa hata mafuta yake. Chupa zikishindiliwa papo hapo kisiwani, hesabu hugeuka. Mafundi wa Lamu, waliounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa na kulizindua mwaka 2018, wametuonyesha kuwa mali imo ndani ya taka hizo.

Basi naiomba Kaunti ya Kwale iweke Mkwiro banda, mizani na mashine ya kushindilia, na banda la kupokelea karibu na gati la Shimoni, huko bara. Nanyi akina mama na akina baba wa kisiwani, wekeni chupa kavu gunia lake, na vizibo gunia lake.