Kabla ya Kujaza Fomu ya Chuo, Kaone Kazi

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa kijana wa wilaya ya Kyela, kipindi hicho karibu kinalingana na msimu mzima wa mpunga: anaweka kalamu chini watu wakiandaa mashamba, anaripoti shule mpya mavuno yakiwa yameingia. Wa kidato cha sita humaliza Mei na kusubiri chuo hadi Oktoba au Novemba, na baadhi yao hutumia miezi mitatu kati ya hiyo kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wazazi huniuliza kama ni busara kijana apumzike mwaka mmoja ili ajue anataka kusomea nini. Mimi huanza na swali lingine: ile miezi ambayo kalenda imekwisha kumpa, anaifanyia nini?

Nchi hii iliwahi kulijibu swali hilo kwa amri. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu, wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala. Shabaha ilikuwa njema: msomi awajue wafanyakazi kabla ya kuwa kiongozi wao. Lakini idadi ya wasichana walioingia chuoni ilishuka, na haikupita miaka mingi wakaondolewa sharti hilo. Baadaye utaratibu wote ukaachwa. Nionavyo, kosa halikuwa kumpeleka kijana kazini. Kosa lilikuwa kuufunga mlango wa chuo nyuma yake na kumpa bosi ufunguo.

Kyela ina mahali pengi pa kujifunzia kazi, na pa kwanza ni kwenye kakao. Kijana aliyekulia chini ya mikakao hudhani anaijua. Anajua kupasua tunda na kutoa mbegu. Basi aende chama cha msingi cha ushirika siku ya kupima, asimame karibu na mizani, aangalie karani anavyoandika stakabadhi. Aulize kwa nini mbegu zilizovundikwa vizuri kwa siku tano hadi saba zina harufu na rangi tofauti na zilizoanikwa haraka haraka. Jibu lake limo katika kemia na baiolojia ya vijidudu, na chuo kinachofundisha sayansi ya chakula kipo, Sokoine kule Morogoro. Afuatilie mnada wa stakabadhi ghalani na aulize ilikuwaje mwaka 2024 bei ya kakao duniani ikavuka dola 10,000 kwa tani. Ataambiwa habari za mavuno mabaya ya Ghana na Côte d'Ivoire, na hapo atakuwa ameingia kwenye uchumi bila kufungua daftari. Gunia moja lina mhasibu, mtaalamu wa ubora, ofisa ushirika, dereva na msafirishaji. Kijana anayeijua kazi ya kulima tu ameona sehemu ndogo ya gunia hilo.

Kasumulu, kwenye daraja la Songwe, malori yanayokwenda na kutoka Malawi husimama kwa ajili ya karatasi. Wakala wa forodha anayezijaza karatasi hizo ana taaluma, na taaluma hiyo husomewa. Itungi nako, kwenye Ziwa Nyasa, meli ya MV Mbeya II iliundwa pale pale bandarini. Wachomeleaji na mafundi mitambo waliifanya kazi hiyo mbele ya macho ya watoto wa Kyela, ambao wengi wao bado wanajaza fomu kana kwamba duniani kuna udaktari, ualimu na sheria tu.

Ziwani tahadhari ni lazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kama baharia au mahali pengine penye hatari. Kuvua usipa usiku kwa taa, kwenye ziwa linalochafuka ghafla, si kazi ya mtoto wa kidato cha nne kujaribia maisha. Atajifunza mengi mwaloni asubuhi, samaki wanapopimwa na kuuzwa.

Anayetaka udaktari aombe kujitolea hospitalini, Matema kwa mfano, hata kama kazi yake itakuwa kupanga mafaili na kuwaelekeza wagonjwa. Huko atagundua pia kwamba maabara, famasia na uuguzi ni njia kamili, si mabaki ya walioshindwa. Ugunduzi huo una thamani mapema, kwa sababu tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, ndiyo inayofungua au kufunga kozi za chuo. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, na wahitimu wakapewa muda wa kubadili machaguo yao. Kubadili kwa akili kunataka uwe umeona kitu.

Na mwaka mzima? Unafaa kwa mwenye mpango, na una gharama. Miongozo ya Bodi ya Mikopo huweka kikomo cha miaka tangu mwombaji amalize kidato cha sita, kwa hiyo usomwe mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuahirisha. Pia kuna fedha ya bodaboda: inaingia kila jioni, na si rahisi kuiacha kwa ajili ya ada. Kwa binti, kukaa nyumbani bila shughuli inayoeleweka huwapa wachumba nafasi ya kubisha hodi.

Mzazi wa Ipinda, Ngonga au Matema, ikiwa mwanao amemaliza Novemba, nenda naye wiki hii kwa mkuu wa shule yake au mtendaji wa kata, mwombe barua ya utambulisho. Ofisi nyingi zitamkaribisha kijana aliyekuja na barua na daftari, asiyedai mshahara. Mpe nauli, na jioni mwulize ameona nini.