Jina Lako Siku ya Kipaimara

Leo tutazungumza juu ya swali ambalo vijana wa darasa la Kipaimara huuliza mara nyingi: Je, ni lazima nichague jina la mtakatifu kabla ya kuwekewa mikono?

La, si lazima. Ndugu zetu Wakatoliki wanayo desturi hiyo. Katika makanisa yetu jina la Kikristo hutolewa wakati wa Ubatizo, na Kipaimara hakidai jina jingine. Petro na Yohana walipoweka mikono juu ya waamini wa Samaria, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 8, waliwaombea wampokee Roho Mtakatifu. Hatusomi kwamba waliwabadilisha majina. Naye Paulo, alipowaandikia Wafilipi, aliwaita watakatifu wote walio katika Kristo Yesu, watu waliokuwa hai, wenye kazi na shida kama sisi.

Hata hivyo, tusilipuuze swali hili. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga. Wazazi ndio waliotuchagulia jina, na wasimamizi ndio waliotujibia. Siku ya Kipaimara kijana husimama mwenyewe na kuikubali ahadi ile kuwa yake. Basi yafaa ajiulize: Jina hili ninaloitwa, mwenyewe alikuwa nani? Aliishi namna gani?

Mtazame Yusufu, Mlawi wa Kipro. Mitume walimwita Barnaba, yaani mwana wa faraja. Naye aliishi sawasawa na jina hilo. Wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume. Ukiitwa Barnaba, na jirani yako aliyeanguka hapati faraja kwako, jina hilo lakufaa nini?

Mwaka 1970, mwandishi Ngugi wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, alisema mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, hapa Nairobi, kwamba yeye si Mkristo. Mzee mmoja alimkemea, akamwambia kwamba yeye ni Mkristo kwa kuwa jina lake ni James. Baadaye mwandishi huyo aliliacha jina hilo. Wapendwa, mzee yule alinena kwa uchungu wa kulipenda kanisa. Lakini kama jina peke yake lingemfanya mtu kuwa Mkristo, vitabu vyetu vya Ubatizo vingetosha, wala tusingehitaji kutubu.

Wako pia vijana wanaoona haya kutajwa kanisani kwa jina la nyumbani, wakidhani la kigeni ndilo takatifu. Wakumbuke Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliouawa huko Buganda tarehe 31 Januari 1885, wakati wa Kabaka Mwanga. Ndio mashahidi wa kwanza wa Kanisa la Anglikana la Uganda. Kila mmoja alikuwa na jina la Biblia na jina la kwao, na majina yote mawili yaliingia motoni pamoja. Mwaka uliofuata, 1886, kijana Mkatoliki aitwaye Kizito aliteketezwa Namugongo. Kizito ni jina la Kiganda. Tangu Roma ilipomtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1964, watoto wa makabila mengine nao hubatizwa kwa jina hilo.

Kwa hiyo, kijana mpendwa, kama unalo jina, lisome. Fungua Biblia, umfahamu mwenye jina hilo, mema yake na udhaifu wake. Kama unataka kuongeza jina, usichague kwa sababu linapendeza masikioni. Mwulize mchungaji wako, na uwasikilize wazazi. Wala usilidharau jina la babu yako. Wazee walisema, jina jema hung'ara gizani. Nalo hung'ara kwa matendo ya mwenye kuitwa.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayemjua kila mmoja wetu kwa jina, utusaidie tusilichukue jina la Mwanao bure. Amina.