Tusiwavunje Wachezaji Wetu Kabla Ligi Haijaanza



Mwezi huu tunaiacha kidogo malaria na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Msishangae. Kila mwaka mvua zikishakwisha na mavuno yakishaingia ghalani, sisi wauguzi tunajua ni wageni gani watafika Jumapili jioni. Ni vijana wanaoletwa kwa bodaboda, mguu mmoja ukining'inia, jezi bado imelowa jasho. Ukiuliza kumetokea nini, jibu ni lile lile: "Tulikuwa na bonanza, nesi."

Ninazungumzia ile michezo inayochezwa kabla ya ligi kuanza: mechi za kirafiki za kujipima nguvu, bonanza la VIWAWA dhidi ya UWAKA, na Kombe la Mbuzi la kijiji. Michezo hii ni mizuri. Inawakutanisha vijana na inamsaidia kocha kujua nani yuko tayari. Ubaya unaingia pale kocha, viongozi na sisi watazamaji tunapoigeuza kuwa fainali. Tunadai wachezaji wale wa kutegemewa, wenye miaka 28 au 32, waanze wote na wacheze dakika zote 90, eti tusifungwe na mtaa wa jirani. Mbuzi anashindaniwa kwa goti la mtu.

Kwa nini hao wakubwa ndio wako hatarini zaidi? Mchezaji aliyepumzika miezi miwili au mitatu huona pumzi yake inarudi baada ya majuma machache ya kukimbia, naye hudhani mwili mzima umerudi. Sivyo. Kano zinazoshika mifupa na zile zinazounga misuli na mfupa huimarika polepole kuliko mapafu na moyo. Basi moyo unasema "twende," na kano zinasema "ngoja," na mwenye mwili anasikia sauti moja tu. Tena msuli wa nyuma ya paja uliowahi kuchanika huchanika tena kwa urahisi, na mchezaji mwenye miaka kumi uwanjani kwa kawaida anazo ajali za zamani ambazo kijana wa miaka 18 hana. Ongeza viwanja vyetu vya Julai na Agosti: udongo umekauka kama sakafu, mashimo ya kwato za ng'ombe yamegandia, na viatu ni vya kuazima, namba moja zaidi ya mguu. Halafu huyo huyo hodari ndiye anayekabwa na watu wawili.

Jeraha ninaloliogopa kuliko yote ni la goti. Mara nyingi mtu hakuguswa na yeyote. Amekimbia, akakanyaga, akataka kugeuka, mguu ukabaki chini na mwili ukazunguka. Wengi husema walisikia kitu kikilia "ta!" ndani. Goti likivimba kwa saa chache tu baada ya hapo, ni dalili kubwa kwamba kano ya katikati ya goti imekatika. Eksirei haionyeshi kano, kwa hiyo msidanganyike mkiambiwa mfupa ni mzima. Baadhi ya watu huishi vizuri kwa mazoezi ya viungo bila upasuaji, lakini anayetaka kurudi kwenye mpira wa kugeuka-geuka mara nyingi huhitaji kupandikiziwa kano nyingine, na baada ya hapo hukaa miezi tisa au zaidi kabla ya kucheza. Upasuaji huo haufanyiki katika kila hospitali. Taasisi ya MOI kule Muhimbili ni moja ya mahali unapofanyika, na kutoka hapa Ngokolo hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000.

Hata matajiri yanawakuta. Mwezi Agosti 2021, beki Mfaransa Wesley Fofana wa Leicester City ya Uingereza alivunjika mfupa wa mguu katika mechi ya kirafiki dhidi ya Villarreal ya Hispania, siku chache kabla ya ligi kuanza. Alirudi uwanjani Machi 2022. Yeye alikuwa na madaktari pembeni na mshahara wake. Kijana wetu anaendesha bodaboda au analima pamba, na akiwa na hogo hakuna anayemlipa. Nilimhudumia baba mmoja wa watoto watatu aliyeumia katika mchezo wa namna hiyo. Timu yake ilikuja kumwona mara moja, ikaleta soda. Mkewe ndiye aliyelima msimu ule, peke yake.

Wala sisemi wakubwa wasicheze kabisa. Mchezaji asiyecheza mechi yoyote ya majaribio ataingia kwenye ligi akiwa baridi, naye ataumia mechi ya kwanza. Wacheze, ila kwa kipimo. Mimi ningeshauri nusu saa katika mechi ya kwanza, kipindi kimoja katika ya pili, dakika 60 au 70 katika ya tatu, na 90 zisubiri ligi. Sheria za mpira zenyewe zinaruhusu: katika mechi za kirafiki timu mbili zinaweza kukubaliana kuongeza idadi ya wachezaji wa kubadilisha, mradi mwamuzi ajulishwe kabla ya mchezo. Watazameni Simba siku ya Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, au Yanga katika Wiki ya Mwananchi iliyoanza 2019. Uwanja umejaa, lakini kipindi cha pili makocha huingiza watu wengine. Sisi tuliowahi kuishangilia Stand United pale Kambarage ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 tunajua ligi ni safari ndefu.

Lipo pia jambo lisilogharimu hata senti: kupasha misuli. Kuna mpangilio wa mazoezi uliotayarishwa na madaktari wa FIFA, wa dakika 20 hivi, wa kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Timu zinazoufuata mara mbili au zaidi kwa juma zimeonekana kupunguza ajali kwa karibu theluthi moja au hata zaidi. Huku kwetu kupasha misuli ni kupiga mashuti golini huku tukimsubiri mwamuzi.

Mtu akiumia, mtoeni. Hilo ndilo ninaloligombania kila mwaka. Msimchome sindano ya kuua maumivu ili amalizie mchezo, kwa maana maumivu ndiyo mlinzi wake. Wekeni barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hivi, fungeni bandeji isiyobana mno, mguu uinuliwe. Siku mbili tatu za kwanza msimkande kwa maji ya moto wala kumchua kwa dawa ya kuwasha, maana mnaongeza damu na uvimbe. Akishindwa kukanyaga hatua nne, au mguu umepinda, funga kwa ubao kama ulivyo, usiunyooshe, mlete. Mliozoea kwanza kupitia kwa mvutaji wa mifupa, nawasihi mpitie kwetu kwanza. Kidonda cha kukwaruzwa na vumbi kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kama hakumbuki lini alichanjwa pepopunda, aje achanjwe.

Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akachanganyikiwa au akatapika, asirudi uwanjani siku ile hata akisema amepona. Akizidi kuumwa kichwa au kusinzia ovyo, aletwe usiku huo huo.

Kina baba wa UWAKA waliopita miaka 40 nao nawajua: mwaka mzima hamkukimbia hata kuliwahi basi, kisha siku ya somo wa parokia mnavaa jezi. Njooni mpimwe presha juma moja kabla. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu anapojitahidi asiingie uwanjani mpaka aonwe na daktari. Chezeni vipindi vya dakika 20, saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa, na maji yawe pembeni.

Kamati za michezo za parokia, kabla hamjatangaza zawadi ya mbuzi, tengeni fedha ya bandeji, barafu na nauli ya majeruhi. Na kila mchezaji aulizwe kama ana bima ya afya. Kadi hiyo aje nayo uwanjani, isibaki nyumbani chini ya godoro.