Kabla Hujatuma Dipoziti ya Mashine ya Kufua, Sikiza Walionunua

Kwa wiki nne, mashine mpya ya kufua ilikaa kwenye kona ya nyumba moja kule Umoja, Nairobi, imefunikwa leso. Haikuwa imeharibika. Dipoziti ya shilingi 12,000 ilikuwa imeshalipwa, na kila Ijumaa mwenyewe alikuwa akituma shilingi 1,500 nyingine dukani. Lakini mashine ilikuwa haijafua hata soksi.

Mwenyewe ni mama fua. Kwa miaka mingi amekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, akifua kwa mkono, hadi vidole vikaanza kupasuka na mgongo kulalamika. Akapiga hesabu: nikiwa na mashine, nitafulia ploti nzima bila kuinama. Akaweka akiba kwenye simu kidogo kidogo, akalipa dipoziti, akaletewa mzigo hadi mlangoni.

"Niliifungulia maji ikakaa tu," alituambia. "Inanguruma kidogo, halafu inapiga kelele na kuzima. Wanangu, nililia. Nilijua nimepoteza pesa yangu yote."

Tuliongea naye pamoja na wateja wengine kadhaa walionunua mashine za kisasa za kubana matumizi, zile ambazo nyingi zina mlango wa mbele. Wametuomba tusitaje majina, na sisi tumekubali. Tulichojifunza ni hiki: mara nyingi shida haikuwa mashine. Shida ilikuwa maji, sabuni, stima au jinsi pesa ilivyolipwa. Na hayo yote unaweza kuyaangalia kabla hujabonyeza PIN.

Kwanza, hizi mashine zinafanyaje kazi?

Ukifua kwa mkono, nguo zinaelea ndani ya beseni. Mashine ya mlango wa mbele haifanyi hivyo. Inaingiza maji machache chini, halafu pipa linazunguka, linabeba nguo juu na kuziangusha, juu na kuziangusha. Huko kuangushwa ndiko kunakotoa uchafu. Ndiyo maana wengi wakichungulia kwenye kioo mara ya kwanza wanashtuka: "Mbona maji ni kidogo hivi?" Usijali. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Mashine ya kilo 7 ya aina hii hutumia kama lita 50 kwa mzunguko mmoja, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Mama fua wetu anasema mzigo kama huo kwa mkono, pamoja na kusuuza mara mbili, ulikuwa ukimmalizia mitungi sita. Kama mtaa wenu unauziwa maji shilingi 20 kwa mtungi, hiyo ni shilingi 50 badala ya 120. Ukifua mara tatu kwa wiki, unaona tofauti.

Lakini kuna kitu cha kulipia: muda. Programu ya kubana matumizi inaweza kuchukua saa mbili au tatu. Mashine inatumia muda mrefu ili itumie maji na stima kidogo. Kwa hivyo usipange kufua yunifomu ya mtoto saa kumi na mbili asubuhi na basi la shule linapita saa moja.

Maji: swali la kwanza ni presha

Turudi Umoja. Baada ya wiki nne, jirani alimletea fundi. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alipanda juu, akaangalia tangi la ploti, akashuka na kusema, "Mama, shida si mashine. Shida ni kwamba unakaa karibu sana na tangi."

Huyu mama anaishi ghorofa ya juu kabisa. Tangi liko kama mita mbili tu juu ya mfereji wake. Maji yanatoka, ndiyo, lakini hayana nguvu. Hesabu ni rahisi: kila mita 10 za kimo kutoka kwenye tangi hadi kwenye mfereji hukupa presha ya karibu baa 1. Mita mbili hukupa baa 0.2. Kijitabu cha mashine yake kilikuwa kimeandika kwamba inahitaji angalau baa 0.5, yaani tangi liwe mita tano juu ya mfereji. Hakuna aliyemwambia asome ukurasa huo, na dukani hakuna aliyemuuliza anakaa ghorofa gani.

Dawa ilikuwa kushusha mashine. Msimamizi wa ploti alimpa kichumba kando ya chumba cha mlinzi kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Huko chini, tangi lile lile liko mita 12 juu, na mashine ikajaza maji kama imetoka kiwandani jana. Wiki nne, shilingi 6,000 za malipo bila kazi, na kumbe jibu lilikuwa ngazi za kushuka!

Kwa hivyo kabla ya kununua, angalia:

- Tangi liko mita ngapi juu ya mahali utakapoweka mashine?
- Kijitabu kinataka presha ya chini kiasi gani? Muuzaji akikwambia "hii inafanya kazi kila mahali", mwambie akuonyeshe palipoandikwa.
- Maji ya mfereji yanakuja kila siku, au kwenu ni ya mgao na mitungi?

Kama tangi liko chini na huwezi kuliinua, kuna pampu ndogo ya kuongeza presha, lakini iweke kwenye bajeti mapema. Na kama maji yenu ni ya kubeba kwa mitungi, pengine mashine ya matangi mawili ndiyo inayokufaa. Hiyo unaimwagia maji kwa ndoo mwenyewe, unafulia upande mmoja na kukamulia upande mwingine. Inakula maji zaidi na inataka usimame karibu, lakini haikungojei presha. Mteja mmoja wa Rongai alituambia aliuza ile ya mlango wa mbele akanunua ya matangi mawili, na hajajuta.

Sabuni: povu jingi si usafi

Kijana mmoja wa Kasarani alikuwa na shida tofauti. Siku ya kwanza mashine yake ilitembea. Kweli, ilitoka ukutani ikafika katikati ya jikoni. Ukiona hivyo, zima kwanza. Mashine mpya huja na boliti kubwa nyuma zinazoshikilia pipa lisigongwe njiani. Lazima zitolewe kabla ya kuwasha. Zake zilikuwa bado zipo. Zitoe, kisha uziweke mahali salama, maana utazihitaji siku ya kuhama. Hakikisha pia sakafu iko sawa na miguu yote minne imekanyaga.

Baada ya kutoa boliti akafua kwa miezi mitatu, halafu nguo zikaanza kunuka. Si kunuka jasho, kunuka ukungu. Alikuwa akitumia sabuni ile ile ya unga ya kufulia kwa mkono, na kwa kipimo kile kile, kikombe kizima. Sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu jingi. Ndani ya mashine yenye maji machache, povu hilo halina pa kwenda. Linazuia nguo zisianguke vizuri, linagoma kusuuzika, na mabaki yake yanajificha kwenye mpira wa mlango na ndani ya mabomba. Ukifunga mlango baada ya kufua, unyevu unabaki humo, ukungu unapata nyumba.

Usidhani ni shida ya Kenya peke yake. Kule Marekani, mashine za mlango wa mbele zilipoenea, malalamiko ya ukungu yalikuwa mengi hadi wenye mashine wakawapeleka watengenezaji mahakamani.

Alichobadilisha kijana wetu ni vitu vinne tu:

- Ananunua sabuni iliyoandikwa ni ya mashine, yenye povu kidogo, na anafuata kipimo cha pakiti. Kwake ni vijiko viwili vya mezani.
- Akimaliza kufua, anapangusa mpira wa mlango na kuacha mlango wazi. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, hakikisha hawezi kuingia ndani.
- Kila mwezi anafungua kichujio kile cha chini na kutoa nyuzi, vifungo na sarafu.
- Mara moja kwa mwezi anaiendesha tupu kwa maji ya moto.

"Sasa nguo zinanukia," anasema, "na sabuni inakaa mara mbili ya zamani."

Stima: moto ndio unaokula tokeni

Mwalimu mmoja wa Kisauni, Mombasa, alitulalamikia kwamba mashine "inakunywa tokeni". Tukamwomba afanye jaribio dogo ambalo hata wewe unaweza kufanya. Soma uniti zilizobaki kwenye mita kabla ya kufua. Zima vifaa vingine vikubwa. Fua. Soma tena.

Alifua mara mbili, mara ya kwanza kwa nyuzi 60, ya pili kwa maji baridi. Tofauti ilimshangaza. Kuzungusha pipa hakuli stima nyingi. Kinachokula ni kupasha maji. Kupasha lita 15 tu kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji karibu uniti 0.7. Ukikadiria shilingi 30 kwa uniti, hiyo ni shilingi 21 za moto peke yake kila unapofua. Nguo za kawaida za kila siku zinatakata kwa maji baridi. Moto uwekee mashuka, taulo na nguo za mgonjwa au mtoto mchanga.

Huyu mwalimu alikuwa na jambo lingine: maji ya kisima yenye chumvi. Maji magumu huacha ukoko mweupe kwenye chuma cha kupasha maji, na ukoko huo hufanya mashine itumie stima zaidi kupata moto ule ule. Kama sufuria yako ya chai ina ukoko mweupe ndani, jua mashine yako nayo inaupata. Uliza fundi au duka dawa ya kuondoa ukoko iliyoruhusiwa na mtengenezaji.

Sasa pesa: lipa ukijua

Hapa ndipo tunapoomba ukae vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yetu.

*Piga hesabu ya mwisho, si ya wiki.* Mama fua wetu alilipa dipoziti ya 12,000, na 1,500 kwa wiki 24. Hiyo ni 12,000 na 36,000, jumla 48,000. Bei ya taslimu ilikuwa 42,000. Kwa hivyo kulipa polepole kulimgharimu 6,000 zaidi. Si vibaya kama mashine inakuletea pesa kuanzia wiki ya kwanza. Lakini kama ni ya nyumbani tu na unaweza kusubiri, weka hiyo 1,500 kila wiki kwenye akiba ya simu, ukanunue taslimu.

*Angalia jina kabla ya PIN.* Mteja mmoja wa Eldoret aliona mashine ya bei poa mtandaoni. Muuzaji akamwambia till ya duka ina shida, atume dipoziti ya 10,000 kwa nambari ya kibinafsi "ili asiipoteze ofa". Alituma. Simu ikazimwa. Ukilipa duka, lipa kwa till au Paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kukubali. Jina likiwa la mtu usiyemjua, ghairi. Haraka ya muuzaji si sheria kwako. Ikiwezekana, lipa baada ya kuuona mzigo umefunguliwa.

*Tunza ujumbe wa malipo.* Usiufute. Upige picha na uuweke pamoja na risiti na kadi ya waranti. Siku mashine ikigoma ndani ya waranti, huo ujumbe unaonyesha tarehe, kiasi na uliyemlipa. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na inataka bidhaa unayouziwa iwe ya ubora unaofaa. Lakini haki bila ushahidi ni kelele tu.

*Uliza waranti inafunika nini.* Je, fundi anakuja nyumbani au wewe unabeba mashine? Mota ina miaka mingapi, na vipuri vingine je? Uliza kabla ya kulipa, si baada.

Na mama fua?

Tulipomtembelea mara ya mwisho, kichumba kile cha chini kilikuwa na kamba tatu za nguo nje na daftari mezani. Amebakisha malipo machache. Wateja wengine wanaleta nguo asubuhi wakienda kazini na kumlipa kwa simu jioni wakizichukua. Mablanketi mazito bado anafua kwa mkono, kwa sababu yanazidi kilo za mashine, na hataki kuharibu mota.

Tulimuuliza angemwambia nini mtu anayetaka kununua leo. Hakufikiri sana.

"Mwambie kabla ya kwenda dukani apande juu aangalie tangi. Mimi nilianzia dukani."

Una swali kuhusu kulipia vyombo vya nyumbani kwa simu, au kuna yaliyokupata na mashine yako? Tuandikie. Na kama kuna rafiki kwenye chama chenu anayepanga kutuma dipoziti wiki hii, mtumie makala haya kwanza.