Jina na Ubunifu: Kutoka Walenisi hadi Kajiado

Hudhaniwa mara nyingi kwamba riwaya ya kubuni ulimwengu mwingine huanzia kwenye mitambo. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi yaonyesha vingine. Mhusika wake, Dzombo, huhukumiwa na kurushwa angani, akatua katika sayari yenye usawa. Lakini jina la sayari hiyo ni maneno matatu tu yaliyounganishwa: wale ni sisi. Ulimwengu mzima umechipuka katika sentensi moja ya Kiswahili.

Hapa pana funzo kwa mwandishi wa Kitengela, mji ambamo Kiswahili huwakutanisha wenyeji na wahamiaji. Kajiado, jina la kaunti yake, limetokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Nyumba na nyua zimebana mapito ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua, ila jina lingali linasimulia maji. Mwandishi apendaye vitabu pasipo kuisikiliza lugha ya jirani ataazima sayari za wengine. Aisikilizaye ataweza kuuliza: mto huo ukidai njia yake, nani atahama? Maana ya jina ikisahauliwa, swali hilo nalo hupotea.