Jipu la Nyonga: Funzo kutoka Msumbiji

Jirani yetu wa kusini, Msumbiji, ilipopata uhuru mwaka 1975, sehemu kubwa ya madaktari wa Kireno waliondoka. Vita vilivyofuata, hadi mkataba wa amani wa mwaka 1992, vilibomoa zahanati na kufunga barabara. Mwanamke aliyeshikwa na maradhi ya nyonga huko wilayani hakuwa na wa kumpasua.

Mwaka 1984, wakati Waziri wa Afya alikuwa Pascoal Mocumbi, mwenyewe tabibu wa uzazi, nchi hiyo ilianza kuwafunza waganga wasaidizi wenye uzoefu kazi ya upasuaji kwa miaka mitatu. Hao ndio walioenea katika hospitali za wilaya, wakawa tegemeo la akina mama wa mashambani.

Jipu la nyonga ni miongoni mwa maradhi yanayohitaji mikono kama hiyo. Chanzo chake mara nyingi ni kisonono, au klamidia, ambayo mwanamume aweza kuibeba bila dalili yoyote. Vijidudu hupanda kutoka ukeni, hupita mji wa mimba na kuingia katika mirija ya uzazi. Mara nyingine huingia wakati wa kujifungua, au mimba itolewapo kwa njia zisizo salama. Usaha hujikusanya, mgonjwa hupata homa, maumivu chini ya kitovu, na kutokwa na uchafu wenye harufu.

Matibabu huanza kwa sindano za dawa za kuua vijidudu. Homa isiposhuka kwa siku mbili au tatu, usaha hauna budi kutolewa. Jipu likitokeza nyuma ya mji wa mimba, mpasuaji aweza kulitumbua kwa kupitia ukeni, akaacha mpira mwembamba wa kuchuruzia usaha. Likipasukia tumboni, hapo kifo ki karibu: tumbo lifunguliwe mara moja, lisafishwe, na sehemu iliyoharibika iondolewe. Dawa huendelea kwa majuma mawili hivi. Kuchelewa huweza kumpotezea mama uzazi wake, au uhai.

Je, jambo hili lawahusuje ninyi mlio makambini? Kwanza, askari aliyepata kisonono safarini, akajitibu kwa siri, amemwachia mkewe adui ndani ya nyumba. Wote wawili watibiwe pamoja, ama sivyo ugonjwa hurudi. Pili, katika vituo vya mbali, gari la kikosi huenda likawa ndilo pekee lililopo. Mwanamke mwenye homa na tumbo lililokakamaa apelekwe hospitali usiku huohuo, asingojee mapambazuko.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Mpasuaji aweza kuutoa usaha; aibu inayomfunga mume kinywa hana kisu cha kuitumbua. Hiyo ni kazi ya mume mwenyewe.